Lori la dizeli lawaka upesi Kisumu, lakini alfajiri ya Mau Narok linagoma: nianzie wapi?

1. MbebaViazi (Mau Narok)

Habari zenu. Nina lori la Kijapani la tani nne lenye injini ya dizeli ya silinda nne isiyo na tabo, pampu ya kawaida isiyotumia kompyuta, na betri mbili zilizounganishwa kupata volti 24. Kazi yake ni kupakia viazi Mau Narok na kuvishusha Kisumu. Likilala Kisumu, asubuhi huwaka papo hapo ufunguo unapozungushwa, hata kabla taa ya hita haijazima. Likilala Mau Narok, hasa katika baridi hii ya Julai, stata huzungusha kwa muda mrefu bila moshi wowote, kisha hutoka moshi mweupe mzito unaowasha macho, injini hushika kwa silinda mbili au tatu huku kabini yote ikitikisika, na baada ya dakika moja hivi hutulia. Ikishapata moto haina neno siku nzima, hata nikizima Njoro kwa saa nzima nikisubiri karani wa mizigo.

Fundi wa kwanza amesema ni nozeli zinazonyunyizia dizeli. Wa pili amesema ringi za pistoni zimekwisha, kwa hivyo injini ifunguliwe. Wa tatu ameniambia ninunue betri mpya. Hizo ni bili tatu kwa ugonjwa mmoja, nami mfuko wangu hauna uwezo wa kujaribu zote. Wenye uzoefu, mngeanzia wapi?

2. Spana19 (Nakuru)

Usinunue chochote kwanza. Dizeli inayokataa kuwaka asubuhi huwa imekosa mwendo wa stata, au mafuta, au joto, na bomba la ekzosi ndilo litakalokuambia ni kipi. Stata ikizungusha vizuri na moshi usionekane kabisa, mafuta hayajafika kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, mafuta yamefika lakini hayakupata joto la kuyawasha. Stata yenyewe ikijikokota, achana na mengine yote, shika betri, nyaya na oili.

Shida ya maelezo yako ni kwamba umetaja dalili mbili zinazofuatana: kwanza hakuna moshi, kisha moshi mweupe. Inawezekana una magonjwa mawili yanayokutana alfajiri. Tuambie stata inazunguka kwa kasi ile ile ya Kisumu au inazunguka kwa uzito, na ndani ya injini umetia oili gani.

3. NyalendaDizeli (Kisumu)

Lori hilo limekwisha onja joto la ziwa na ngege wa Dunga, halafu unalilaza Mau na kutarajia likuamkie kwa shikamoo.

Utani kando, hilo ni suala la kimo. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Mau Narok iko juu ya mita 2,700. Hewa ya huko ni nyepesi, injini yako haina tabo ya kuisukuma, kwa hivyo joto la mgandamizo linashuka. Hakuna kilichoharibika. Utazoea.

4. MwalimuWaMolo

Ndugu wa Nyalenda amepatia kimo lakini amekosea sababu. Joto ambalo hewa hufikia pistoni inapopanda hutegemea mambo mawili hasa: uwiano wa mgandamizo, ambao haubadiliki uwe Kisumu au uwe Timboroa, na joto ambalo hewa hiyo ilianza nalo. Chukua injini yenye uwiano wa 18 kwa 1. Hewa ikiingia ikiwa na nyuzi 22, na tukikadiria kiasi cha joto kinachopotea kwenye kuta za silinda iliyopoa, itafika karibu nyuzi 430. Hewa hiyo hiyo ikiingia na nyuzi 5 itafika karibu nyuzi 390. Yaani tofauti ya nyuzi 17 huko nje imekuwa tofauti ya nyuzi 40 mahali pale dizeli inaponyunyiziwa.

Kimo kinaathiri shinikizo. Hewa ya Mau Narok ni pungufu ya ile ya Kisumu kwa takriban asilimia 17 au 18, na shinikizo likipungua dizeli huchelewa zaidi kuwaka hata kama joto lipo. Kwa hivyo unapopanda mlima unapigwa mara mbili, na ndiyo sababu kulinganisha Kisumu na Mau Narok hakuwezi kukuonyesha ni baridi au ni kimo. Jaribio zuri ni hili: siku moja acha lori limelala huko huko Mau Narok, usiliwashe alfajiri, liwashe saa saba mchana jua likiwa limelipiga. Kimo ni kile kile, baridi imeondoka.

5. UtingoMstaafu (Salgaa)

Nimesoma hesabu za Mwalimu hadi nikasikia baridi mimi mwenyewe. Zamani tukipanda Timboroa na magari ya mizigo hatukuwa na nyuzi wala asilimia. Tulikuwa na mambo matatu: unaegesha kwenye mteremko, unaweka jiko la makaa chini ya sampu, lile beseni la oili, nusu saa kabla ya safari, na likikataa bado, unapuliza dawa ya kuwashia kwenye bomba la hewa. Gari lilikuwa linaitika hata kabla hujamaliza kupuliza.

6. BintiGereji (Eldoret)

Mzee wetu, shikamoo. Kwa heshima zote, naomba kijana asifuate hayo mawili ya mwisho.

Dawa ya kuwashia ni eta, nayo hujiwasha yenyewe kwenye joto la takriban nyuzi 160 hadi 180, chini kabisa ya lile linalohitajiwa na dizeli. Maana yake inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Katika injini yenye plagi za hita, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, ni hatari zaidi, kwa sababu ncha ya plagi iliyowaka inaweza kuzidi nyuzi 800, na eta ikikutana nayo mlipuko unaweza kurudi kwenye bomba la hewa hadi usoni mwa aliyeshika mkebe. Ringi huvunjika, na pistoni hupasuka kingo. Ndiyo maana husemwa kwamba gari likishazoea eta haliwaki bila eta: kila asubuhi ulikuwa unapunguza mgandamizo uliokuwa umebaki. Na jiko chini ya sampu iliyolowa oili, karibu na bomba la mpira la dizeli, sina haja ya kueleza.

Sasa turudi kwa MbebaViazi. Moshi mweupe unaowasha macho, injini kushika silinda mbili tatu kisha kutulia, hizo ni plagi za hita hadi ithibitishwe vinginevyo. Ukizima Njoro saa nzima inawaka kwa sababu kuta za silinda bado zina moto na plagi hazihitajiki. Kisumu zinahitajika kidogo sana. Mau Narok ndipo zinapotakiwa kufanya kazi, na hapo ndipo unapogundua kwamba hazipo.

7. MbebaViazi

Asanteni. Stata huko juu inazunguka kwa uzito kidogo kuliko Kisumu, lakini haijikokoti. Oili ni ile ya namba 40 peke yake, dereva aliyenitangulia ndiye aliyekuwa akiitumia nami nikaendelea nayo. Kuhusu hita, taa ya dashibodi inawaka ya rangi ya chungwa na kuzima yenyewe kama kawaida, kwa hivyo nilidhani mfumo huo ni mzima.

8. BintiGereji

Taa hiyo haikuelezi lolote kuhusu plagi. Katika magari mengi ya umri huo inaendeshwa na saa yake yenyewe, na itawaka na kuzima kwa adabu hata kama plagi zote nne zimekufa.

Fanya hivi injini ikiwa baridi. Ondoa ule ukanda wa chuma unaounganisha plagi zote nne juu ya kichwa cha injini, kila plagi ibaki peke yake. Chukua balbu ya volti 24 yenye nyaya mbili, waya mmoja ushike kwenye chanya ya betri na mwingine uguse kichwa cha plagi moja baada ya nyingine. Ambayo inawasha balbu, waya wake wa ndani haujakatika. Ambayo haiwashi imekufa. Kisha rudisha ukanda, mtu awashe ufunguo, nawe upime kwa mita kama umeme unafika kwenye ukanda wenyewe, kwa sababu plagi zinaweza kuwa nzima na rilei, ile swichi inayozipelekea umeme, ikawa ndiyo imeungua.

Ukienda kununua, soma maandishi kwenye mwili wa plagi. Madukani utauziwa ya volti 12 ukiambiwa kwamba zote ni sawa. Kwenye mfumo wa volti 24 itapata umeme mara mbili ya uwezo wake na joto karibu mara nne, na utaizika wiki hiyo hiyo. Kosa la kinyume chake ni baya kwa namna nyingine: plagi ya volti 24 kwenye gari la volti 12 hutoa takriban robo ya joto, na utaendelea kulaumu nozeli.

9. MajaniMabichi (Kericho)

Mmepita juu ya jambo kubwa alilolisema yeye mwenyewe katika jibu la saba: oili ya namba 40 peke yake. Oili hiyo ikipoa huwa nzito mno. Stata inasukuma oili badala ya kuzungusha injini, na dizeli inataka izungushwe walau mara 100 hadi 150 kwa dakika ndipo hewa isipate nafasi ya kuvuja na joto lisipate muda wa kunywewa na chuma baridi. Hamia 15W-40, ambayo ikishapata moto ina uzito ule ule wa 40 lakini alfajiri ni nyepesi. Malori yetu ya majani chai huku Kericho yalibadilishwa na tofauti ilionekana.

Mengine yote pima baadaye.

10. Spana19

Nakubaliana na Kericho kuhusu oili, lakini hebu tumalize na umeme kwanza kwa kuwa ndio wa bei nafuu. Fundi wa tatu aliyesema betri hakupima, alikisia, ingawa huenda amekisia vyema. Betri ya asidi iliyo nzima hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake joto likishuka hadi nyuzi sifuri, na hiyo ni betri nzima.

Asubuhi kabla ya kugusa ufunguo, pima kila betri peke yake. Volti 12.6 imejaa, 12.4 iko kwenye robo tatu, 12.2 iko nusu, na 12.0 karibu imekwisha. Betri mbili zisizolingana ni tatizo hata kama jumla yake inapendeza, kwa maana ile dhaifu inaivuta mwenzake. Kisha mtu azungushe stata huku mita ikiwa kwenye betri zote mbili kwa pamoja: ikishuka chini ya volti 19 au hivi, betri hazibebi. Isiposhuka sana lakini stata ni nzito, hamisha mita: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa injini. Stata ikizunguka usione zaidi ya nusu volti. Ukiona volti nzima au zaidi, waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, umeoza chini ya boliti, nao unasafishwa kwa msasa na spana bila kununua kitu.

Nimeona watu wakinunua betri mbili mpya kwa sababu ya boliti moja yenye kutu pale waya wa athi unapofungwa kwenye chesisi.

11. MafutaSafi (Busia)

Na mafuta je? Mwajaza wapi? Dizeli ikipata baridi hutengeneza nta, inakuwa na ukungu na kuziba filta. Kule Ulaya wana dizeli ya majira ya baridi, sisi hatuna. Kuna madereva wanaotia lita chache za mafuta ya taa kwenye tangi wakielekea nyanda za juu, na gari linawaka bila maneno.

12. MwalimuWaMolo

Hapo naomba tusahihishane. Nta ikiziba filta, injini huwaka kwa mafuta yaliyokwisha kupita filta, kisha baada ya dakika chache hukosa nguvu au huzima. Lori la MbebaViazi linafanya kinyume chake: linawaka kwa taabu halafu linatulia na kupanda mlima na mzigo. Hiyo haifanani na nta.

Halafu tusidhani Julai ndiyo mwezi wa baridi kali kupita yote. Julai ni baridi ya mawingu, inayodumu kutwa. Jalidi yenyewe huku kwetu huja zaidi Januari na Februari, mbingu zikiwa wazi usiku na ardhi ikapoteza joto lote kabla ya mapambazuko. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaikumbuka vizuri ile ya mwanzoni mwa 2012. Kama lori linasumbua Julai, lisipotengenezwa sasa litasumbua zaidi baada ya Krismasi.

13. BintiGereji

Kuhusu mafuta ya taa, ndugu wa Busia, ni kweli yanapunguza uzito wa dizeli, lakini pampu ya injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana ulaini huo. Dizeli yetu ilipunguzwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na kusafishwa huko pia kumeipunguzia ulaini, hata ikabidi uongezewe kwa dawa. Ukizidisha mafuta ya taa unamaliza vyuma vya pampu, na kazi ya pampu ni ghali kuliko plagi nne na oili kwa pamoja. Tena kuchanganya huko ndiko kulikofanya serikali itoze shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kuanzia 2018. Ukikutwa nayo tangini na wakaguzi, utaeleza habari za baridi ya Mau peke yako.

14. NyalendaDizeli

Mafuta ya taa yalipanda bei kwa sababu ya wenye malori, mama zetu wakabaki gizani. Hilo nalo liandikwe.

15. Msimamizi

Limeandikwa. Habari za ushuru zina uzi wake. Hapa tuendelee na lori.

16. RejetaKavu (Kakamega)

Hakuna aliyeuliza kuhusu maji. Moshi mweupe si lazima uwe dizeli, waweza kuwa mvuke. Gasketi ya kichwa, inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, ikianza kuachia kidogo, usiku kucha maji hudondoka tone kwa tone kwenye silinda moja, asubuhi silinda hiyo haishiki, injini inatetemeka hadi maji yakauke, halafu inatulia siku nzima. Dalili zote za MbebaViazi zinalingana na hili. Rafiki yangu mmoja alibadilisha nozeli na plagi, na mwisho ikaonekana gasketi imeungua upana wa kucha kati ya silinda ya pili na tundu la maji.

Angalia kiasi cha maji kwenye rejeta jioni na asubuhi. Nusa moshi: mvuke hauwashi macho, na kama kuna kulanti ndani yake una harufu tamu tamu.

17. MbebaViazi

Maji hayapungui, nayaangalia kila jioni kwa sababu ya mlima. Moshi unawasha macho hasa. Utingo wangu hutoka mbio.

Nimepima plagi kama alivyoelekeza Dada wa Eldoret. Tatu ziliwasha balbu, ya silinda ya nne haikuwasha. Umeme unafika kwenye ukanda. Betri moja ilikuwa 12.5 na nyingine 12.2.

18. BintiGereji

Ndiyo hiyo. Badilisha zote nne kwa pamoja, kwa kuwa zina umri mmoja.

19. Spana19

Dada, pole pole. Plagi moja kati ya nne inaeleza kwa nini silinda moja inachelewa kushika na kwa nini injini inatetemeka. Haielezi kwa nini mwanzoni hakuna moshi wowote. Rudini kwenye chapisho la kwanza: "stata huzungusha kwa muda mrefu bila moshi wowote." Kama mafuta yangekuwa yanafika kwenye silinda tangu mzunguko wa kwanza, tungeona moshi mweupe tangu mzunguko wa kwanza, plagi ziwe nzima au mbovu. Hapo mafuta yalikuwa yamerudi kwenye tangi usiku.

MbebaViazi, kesho kabla ya kuwasha, piga ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Ikiwa ni ngumu tangu mwanzo, mimi nimekosea. Ikipiga tupu na kuchukua muda kujaa, kuna mahali hewa inaingia: mpira uliopasuka mgongoni, klipu iliyolegea, washa za shaba zilizotumika mara nyingi mno, au vali ndogo ya pampu ya kuvuta ambayo haifungi sawasawa. Pitisha kidole chini ya kila kiungo kuanzia tangini. Mahali penye vumbi lililolowa na kugeuka tope jeusi ndipo pa kuanzia, ingawa upande unaovuta unaweza kuingiza hewa bila kutoa hata tone nje.

20. MajaniMabichi

Na kwa nini mafuta yarudi Mau Narok na yasirudi Kisumu? Dizeli ya baridi ni nzito, ingepaswa kurudi polepole zaidi.

21. Spana19

Swali zuri. Mipira ya zamani hukauka na kuwa migumu, na baridi huifanya isinyae kwenye kiungo, hivyo ufa uliozibwa na joto la Kisumu hufunguka huko juu. Zaidi ya hayo, Kisumu anaegesha wapi na Mau Narok anaegesha vipi? Kama huko juu lori linalala kichwa kikiwa juu ya mteremko, tangi liko chini ya pampu, mafuta yanarudi kwa uzito wake.

22. MbebaViazi

Mau Narok naegesha kichwa kikiangalia juu, kwa sababu ghala liko upande huo wa kupakia. Kisumu ni uwanja tambarare.

23. UtingoMstaafu

Sisi tuliegesha kichwa kikiangalia chini. Mlicheka.

24. MwalimuWaMolo

Mzee Utingo ameokoa heshima yake.

Hata hivyo nashauri tusiruke jambo la fundi wa pili. Ringi zilizochoka pia husumbua alfajiri peke yake, kwa sababu chuma baridi huacha nafasi kubwa zaidi, na oili ikishapata moto na kusambaa huziba kidogo. Mgandamizo upimwe, lakini ukipimwa, ukumbuke ulipo. Injini ambayo Kisumu ingesoma bar 28 itasoma karibu bar 23 huko Mau Narok bila kuharibika chochote, kwa sababu hewa ya kuanzia ni pungufu. Fundi aliyezoea kitabu kilichoandikiwa usawa wa bahari ataitazama namba hiyo na kukuambia ufungue injini. Linganisha silinda kwa silinda, zikikaribiana injini haina kosa.

25. RejetaKavu

Na vali zipimwe injini ikiwa baridi. Nafasi ikibana, vali haikai vizuri na mgandamizo unavuja. Ni kazi ya asubuhi moja kwa kipimo cha chuma.

26. MbebaViazi

Wanajukwaa, nawaletea majibu. Usiku wa Jumatatu nilililaza lori mahali pale pale, kichwa juu. Alfajiri nilipiga pampu ya mkono. Ilikuwa tupu, ikajaa baada ya kupigwa kwa muda. Nilipozungusha stata, moshi mweupe ulitoka mara moja na injini ikashika upesi kuliko siku zote, lakini ilitetemeka vile vile kabla ya kutulia.

Usiku uliofuata nililigeuza, kichwa chini, nikaacha pampu ya mkono bila kuigusa. Matokeo yalikaribia kuwa yale yale ya alfajiri iliyotangulia.

Jana niliweka plagi nne mpya za volti 24. Kutetemeka kumepungua sana. Hata hivyo usiku wa jana kulikuwa na mawingu na mvua, na baridi haikuwa kali kama ya Jumatatu.

27. BintiGereji

Plagi.

28. Spana19

Hewa kwanza, plagi pili. Amepiga pampu ya mkono na silinda zikapata mafuta kabla ya plagi mpya kununuliwa. Someni tena.

29. NyalendaDizeli

Mnasahau kwamba juzi alikuwa Mau Narok na jana alikuwa Mau Narok, na kimo hakijashuka hata mita moja, na bado linasumbua kidogo. Nimesema ni kimo tangu mwanzo.

30. MajaniMabichi

Na oili bado ni namba 40. Hadi hiyo itoke, hakuna anayeweza kudai ushindi hapa. Kila mlichobadilisha mmekipima kwa stata inayosukuma uji.

31. MwalimuWaMolo

Ndugu zangu, amebadilisha upande wa kuegesha, plagi na hali ya hewa ndani ya siku tatu. Hakuna awezaye kusema ni kipi kilichosaidia kwa kiasi gani. Ningeomba asubuhi moja ya baridi ya kweli, mbingu wazi, kichwa juu, plagi mpya, pampu ya mkono isiguswe. Moshi ukikosekana mwanzoni, Spana19 ana haki yake. Moshi ukitoka tangu mwanzo, basi mafuta yalikuwepo.

32. MbebaViazi

Nimekubali. Nitafanya hivyo mara tu mawingu yatakapoondoka. Oili nitamwaga Jumamosi Nakuru kwa sababu muda wake umefika hata hivyo, na nitaweka 15W-40. Betri iliyosoma 12.2 nimeitoa niichaji peke yake nione kama itashikilia. Injini sifungui.

Spana19, ule mpira wa kutoka tangini hadi pampu ya kuvuta nimeukuta mgumu, na mahali unapoingia kwenye klipu una mipasuko midogo unapoukunja. Nikate kipande kilichopasuka au nibadilishe wote?

33. Spana19

Badilisha wote, na ununue mpira wa dizeli, si wa maji. Wa maji utavimba ndani na kukuletea uzi mpya hapa. Ukipata fundi mwenye kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kiunganishe kwa muda kabla ya pampu ya kuvuta, uzungushe stata na utazame. Mapovu yakipita utayaona kwa macho yako.

34. RejetaKavu

Na usiku huo ukifanya jaribio la Mwalimu, pima maji ya rejeta jioni na asubuhi. Bado sijaachia gasketi.

35. UtingoMstaafu

Mpe muda, kijana. Hakuna aliyetaja bado taimingi ya pampu, yaani wakati inaponyunyizia dizeli.

36. BintiGereji

Mzee, nilikuwa naingoja kesho.